CD ya Msiba Iliyofukuza Ndege

Costancia hasemi CD imepona. Anasema inasoma, au haisomi. Watu wa Kilosa, waliozoea mafundi wa kuahidi, wamemzoea taratibu, kama mtu anavyozoea kuoga maji ya baridi.

Kibanda chake kiko nyuma ya soko, kati ya muuza mbegu na kinyozi. Mlangoni kuna kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka dirisha: TUNAONDOA MIKWARUZO YA CD. Hao wengine hawapo, yumo peke yake. Ndani kuna kompyuta ya siku nyingi, deki mbili, benchi la wateja na cherehani ya kukanyaga ambayo haishoni. Aliing'oa kichwa, na mahali pake akapachika kisahani cha mbao alichokivalisha kipande cha kofia ya sufi. Mkanda ukizunguka, kisahani nacho kinazunguka, na CD inasuguliwa. Watu wakimuuliza aliona wapi mashine ya namna hiyo, anasema hakuiona popote. Anasema hivyo kama mtu anayeomba radhi.

Alizaliwa Chanzuru kwa wakulima, akaishia darasa la saba. Kaka yake Nikolaus alikuwa amefungua banda la video Mikumi, kando ya barabara kuu, akamwita akamsaidie mlangoni. Mchana watu walipita Mikumi kwenda kutazama tembo. Jioni wenyeji, ambao tembo waliwaona bila kupenda katika mashamba yao, walijazana kwenye mabenchi ya Nikolaus pamoja na madereva wa malori, wakatazama watu wa mbali wakipigana mateke. CD zenyewe zilikuwa zimepita mikono mingi kabla ya kufika pale. Picha ilienda vizuri mpaka pale mtu mbaya anapofungua mdomo kumtaja aliyemuua baba wa shujaa, ikaganda. Jina likabaki mdomoni.

"Costa! Futa hicho kitu!" watu walipiga kelele gizani. "Unatufichia muuaji? Ni shemeji yako?"

Costancia aliitoa CD, akaifuta kwa pindo la kanga, akairudisha. Mwanzoni aliifuta kwa kuzungusha, kama sahani ya chakula, na picha ikazidi kuganda. Ilimchukua muda, na matusi mengi, kujua kwamba yaliyomo kwenye CD yamejipanga kwa mzunguko kuanzia tunduni kwenda ukingoni. Mkwaruzo unaokatiza mzunguko unafuta herufi, na ule unaoufuata unafuta sentensi nzima. Tangu hapo akawa anafuta kutoka katikati kwenda nje, kwa mstari ulionyooka. Baadaye akajua dawa ya meno, baadaye nta ya mshumaa, baadaye msasa laini wa kulowesha. Picha zikawa zinafika mwisho. Hakuna aliyemshukuru, kwa kuwa mtu hashukuru kwa jambo ambalo halikutokea.

Kisha zikaja simu. Kila dereva akawa na banda lake mfukoni. Nikolaus aliyauza mabenchi, akaanza kukaanga chipsi, na Costancia akapewa deki kama kumbukumbu. Aliolewa Kilosa. Mume alifariki, deki ikabaki.

Siku hizi hakuna anayemletea picha za mateke. Wanaleta harusi, kipaimara, maulidi, mahafali ya chekechea ya watoto ambao sasa wana ndevu. Kulikuwa na miaka michache hapa kwetu ambapo watu walijiweka ndani ya kitu kinachong'aa, wakakiweka juu ya kabati, wakahamia kwenye simu bila kukiaga. Kabati lina vumbi, lina panya, lina watoto. Costancia anaishi kwa yale yanayotokea juu ya kabati.

Mengine yanatokea kwingine. Mzee Sironga, mfugaji, alimletea CD ya harusi ya mwanawe iliyokanyagwa na ng'ombe. Ilikuwa vipande viwili, vimefungwa vizuri ndani ya kitambaa.

"Hii haikukwaruzwa, baba. Imevunjika."

"Lakini vipande vyote vipo."

"Vipo."

"Hakuna kilichopotea."

"Hakuna."

"Sasa shida ni nini?"

Costancia alivitazama vile vipande, akavikutanisha, akaviachanisha. "Shida ni ng'ombe," alisema.

Mzee Sironga alitikisa kichwa kwa muda. "Yule ng'ombe alikuwa mzuri," alisema, akafunga kitambaa chake, akaondoka.

Agatha na mumewe Alfred walifika siku ya gulio, wametoka Ulaya, kijiji cha huko huko Kilosa, suruali na kanga zina vumbi la njia. Agatha alitangulia, ameshika kifurushi kwa mikono miwili. Alfred alimfuata nyuma mikono mitupu, anatembea kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibuni. Shemeji, benchi hilo."

Alfred alikaa ukingoni, kofia kichwani, magoti pamoja. Agatha alifungua kifurushi mezani. Ndani kulikuwa na CD yenye matope makavu, kipande cha kamba nyekundu tunduni, na upande mmoja doa jeupe lililokauka.

"Ilikuwa wapi?" Costancia aliuliza.

Agatha aligeuka kumtazama mumewe.

"Shambani," alisema Alfred.

"Ilikuwa inafanya nini shambani?"

"Inafukuza ndege."

Kwa wanaolima mpunga hilo si jibu la ajabu. Mpunga ukianza kutoa maziwa, kwelea kwelea wanashuka kama moshi, na jaruba zima la mpunga linaliwa mtu akiwa amelitazama. Mwenye watoto anawaweka waamie, wapige kelele ndege waruke. Mwenye makopo anatundika makopo. Mwenye CD anazifunga kamba kwenye vijiti, upepo unazizungusha, jua linazipiga, na ndege wanaona miale wasiyoielewa, wanakwenda kwa jirani. Jirani naye anatundika zake. Ukisimama kwenye kingo za majaruba msimu huo, unaona bonde zima linameremeta kwa kwaya na vichekesho na harusi zinazoning'inia bila sauti.

Costancia alilikwangua lile doa jeupe kwa ukucha. "Hiki ni kinyesi cha ndege."

"Ndiyo," alisema Alfred.

"Walikuwa wanaiogopa?"

Alfred alifikiri kwa uaminifu. "Mwanzoni."

"Dada, nyumbani tuna CD tele," alisema Agatha. "Kwaya, mpira, vichekesho. Katika zote, huyu bwana akachagua ya msiba wa mama."

"Ndiyo iliyokuwa inang'aa," alisema Alfred. "Nyingine watoto wameshazichubua. Hiyo haina anayeigusa."

"Haiguswi kwa kuwa ni ya msiba, Baba Emanueli! Nani anakaa sebuleni, anakunywa chai, anaangalia msiba?"

"Ndiyo maana nikaona haina kazi."

"Mimi niko Kilosa namuuguza mdogo wangu, narudi, naikuta inapigwa na jua. Mvua imeikuta, jua limeikuta, na wewe umelala."

"Msimu ule tulivuna," alisema Alfred, akiitazama sakafu.

Costancia aliwaacha wamalize. Katika kazi hii amejifunza kwamba CD haifiki peke yake, inakuja na mwenye nayo na aliyeiharibu, na hao wawili wakishafika mezani wana maneno ambayo nyumbani hayakupata nafasi. Walipotulia, akauliza, "Nakala nyingine haipo?"

"Ilikwenda na kaka yangu Tunduma. Nyumba yake iliungua." Agatha alivuta pumzi. "Dada, mama yangu hakuwahi kurekodiwa akiwa hai. Aliitwa Regina. Sura yake ninayo, kwenye kadi ya kupigia kura. Sauti imenitoka. Zamani nikiwa mtoni nafua, nilikuwa namsikia ananiita, naitika kabisa, wenzangu wananicheka. Sasa nikisikiliza nasikia maji."

"Lakini siku ya msiba alikuwa ameshakufa," alisema Costancia. Hakusema kwa ukali. Alitaka kujua Agatha anatafuta nini.

"Kuna mtani."

Kule kwao kila ukoo una ukoo wake wa watani, na siku ya msiba watani ndio wenye mji. Wanachimba, wanapika, wanatukana. Wafiwa wakiwa katikati ya kilio, mtani mmoja anaingia ndani, anavaa nguo za marehemu, anashika jembe lake, anatoka uani akitembea kama alivyotembea na kusema kama alivyosema. Mfiwa haruhusiwi kukasirika. Anakaza uso, anaendelea kulia, na katikati ya kilio kicheko kinampasua asijue kimetokea wapi. Siku ya Regina aliyemwiga alikuwa Magdalena, mtani aliyesifika hadi Mikumi. Aliwaita kuku wa marehemu, na kuku walikuja. Alifika mpaka kaburini akajilaza ndani, akasema hatoki bila kupewa jogoo.

"Watu walisema mama amerudi," alisema Agatha. "Mimi sikusikia vizuri, nilikuwa nalia. Nikasema nitaangalia baadaye kwenye CD. Baadaye ikawa inaniogopesha."

"Magdalena mwenyewe je?"

"Naye tumemzika. Hakukuwa na mtu wa kumwiga."

Costancia aliichukua CD, akatoka nayo mlangoni, akaiinua juani kwa upande wa maandishi. Kosa la watu wengi ni hili: wanaulinda upande unaong'aa kama jicho, na ule wa maandishi wanauweka popote, wanauandikia kwa kalamu ngumu, wanaulalia. Kumbe yaliyomo yamelala upande huohuo wa maandishi, chini ya rangi nyembamba kama ganda la kitunguu. Mkwaruzo wa upande unaong'aa husuguliwa ukaisha. Tundu la upande wa pili ni tundu.

Jua lilipenya mahali kadhaa, vidoa vidogo vyeupe.

"Hapa hakuna tena," alisema, akionyesha karibu na kamba ilipokuwa ikisugua. "Huu ni mwanzo, umekwenda. Na huku mwishoni nako. Mtani alitoka saa ngapi? Mwanzo au mwisho?"

"Jeneza lilipotolewa nje. Kabla ya kwenda makaburini."

"Katikati, basi." Aliizungusha tena juani. "Katikati pamekwaruzika tu. Na jua limeipausha."

"Kwa hiyo inasoma?"

"Sijui."

Aliiosha kwa sabuni na maji, akaikata ile kamba, akaanza na msasa wa kulowesha, kutoka tunduni kwenda nje, mkono wake ukienda na kurudi bila haraka. Ule uso uliokuwa na mikwaruzo ukawa na ukungu mtupu. Agatha alishika mdomo. CD inayosuguliwa hufika mahali inaonekana imeharibiwa zaidi kuliko ilivyoletwa, na hapo wateja hukohoa, hutoka nje, au hutaja jina la Mungu. Alfred aliuliza, "Naweza kufanya nini?"

"Unaweza kukanyaga cherehani."

Alihama benchi, akaweka miguu kwenye kikanyagio. Kisahani kikaanza kuzunguka, Costancia akaikandamiza CD juu ya sufi iliyopakwa dawa ya meno.

"Polepole, shemeji. Ukikanyaga kwa hasira inapata joto, inapinda."

"Sina hasira."

"Basi kwa aibu. Nayo inapasha."

Alfred akapunguza mwendo. Alikanyaga kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayevuka mto na mzigo kichwani, na jasho likamshuka mpaka shingoni. Ukungu ulikuwa ukiondoka kidogo kidogo. Kinyozi wa jirani alichungulia, akaona mwanamume mzima kwenye cherehani, akafungua mdomo, akatazama nyuso zilizomo ndani, akaufunga.

Deki ya kwanza iliitema. Ya pili iliizungusha, ikafikiri, ikaandika maneno kwenye kioo chake kidogo.

"Imesemaje?" aliuliza Agatha.

"Inasema hakuna CD."

"Si umeiweka sasa hivi?"

"Nimeiweka. Yenyewe inaanza kusoma mwanzoni, na mwanzo haupo. Inadhani hakuna kitu."

Alihamia kwenye kompyuta. Ile haina haraka wala majivuno. Unaiambia iache mwanzo, ianzie inapoweza, isome kipande, ikishindwa irudie, ikishindwa tena iruke iende mbele. CD ilikuwa ikilia ndani yake, inapanda sauti, inashuka, inanyamaza, inaanza tena. Kwenye kioo kulikuwa na mstari unaosogea kwa namna ambayo mtu akiutazama haoni ukisogea. Costancia aliwaambia wakazunguke gulioni. Agatha alikataa kunyanyuka. Alfred alikwenda, akarudi na mihogo ya kukaanga ndani ya gazeti, akaiweka karibu na mkewe. Mkewe hakuigusa. Baada ya muda Costancia aliivuta upande wake, akaila yote, macho kwenye mstari.

"Kuna kitu," alisema mwishowe, akijifuta vidole.

Kwanza vilitokea vipande vya miraba ya kijani, kama jaruba lililoonwa kutoka juu sana. Kisha turubai. Kisha sufuria, moshi, wanawake wameinama. Alitokea kijana mwembamba amebeba kuni begani, akapita mbele ya kamera bila kuitazama.

"Ni mimi," alisema Alfred.

Jeneza lilitoka mlangoni likiwa limekatika vipande vitatu, vikaungana, likawekwa chini. Kilio kilikuja kikiruka. Halafu uani akaingia mwanamke mnene aliyevaa kanga mbili zisizomtosha, jembe begani, mguu mmoja akiuburuza. Watu waligeuka. Picha ikaganda hapo, mguu haujafika chini. Lakini sauti ilikuwa inaendelea. Kuku walisikika, mtu mmoja akacheka kabla ya wakati, akanyamazishwa.

Agatha alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

Sauti ya mwanamke ilipanda juu, kali, ya puani. "Mpeni kiti mkwe! Jamani, mkwe amekuja, mpeni kiti! Mpeni viwili, kimoja cha kulikalisha tumbo lake!"

Watu waliangua kicheko, na ndani ya kicheko mtu alikuwa akilia kwa nguvu. Mtu huyo alikuwa Agatha mwenyewe.

"Rudisha," alisema.

Costancia alirudisha. Kiti, mkwe, tumbo, kicheko.

"Rudisha."

Mara ya tatu Agatha alikaa wima, akaondoa mikono mezani. "Siyo mama," alisema.

"Labda kasi imepanda," alisema Costancia. "Naweza kuishusha kidogo."

"Usiishushe. Imetoka vizuri, dada. Ndiye Magdalena mtupu. Siyo mama."

Mashine ilikuwa ikiendelea kuvuma. Nje, muuza mbegu alikuwa akibishana na mtu juu ya mahindi ya muda mfupi. Costancia aliutazama ule mguu ulioganda hewani. Kazi yake ilikuwa imeisha, na ilikuwa imefanyika sawasawa.

Aliyesema ni Alfred, kutoka benchini. "Mama Emanueli, yule alikuwa mtani. Alikuwa anachekesha watu."

"Anachekesha!" Agatha alimgeukia, na yote ya njia nzima yakaja mdomoni. "Umekubali kirahisi kwa kuwa siyo mama yako! Mama yangu alikuwa mtu wa kupiga kelele? Wewe si ndiye ulikuwa unafika pale na baiskeli yako? Mama yuko jikoni, kengele ameisikia. Anapayuka? Hapayuki. Hata mwiko hauweki chini. Anasema..."

Na akasema. Sauti ilishuka, ikawa nzito na ya taratibu, kila neno likiwekwa mahali pake kama chungu kinavyotuliwa juu ya mafiga: "Mkwe amefika. Mpeni kiti. Hatakaa, lakini mpeni."

Alfred alikuwa ameshasimama.

Alikuwa amesimama kofia mkononi, uso ameugeuzia ukutani, kama mkwe anavyosimama kwenye uwanja wa mama mkwe wake. Katika ndoa yake yote hakuwahi kumtazama Regina usoni, wala kula mbele yake, wala kupita karibu na kivuli chake. Alimjua kwa sauti, kutoka nyuma ya ukuta wa jiko. Hakukuwa na mtu katika Ulaya nzima aliyemsikiliza mwanamke yule kwa makini kama yeye, kwa kuwa alipaswa kujua yuko upande gani ili aepuke.

"Mbona umesimama?" aliuliza Agatha, kwa sauti yake.

"Ndiye," alisema Alfred kuuambia ukuta.

Agatha aliweka kiganja mdomoni. Alikaa hivyo, macho kwa mumewe, kisha akakiondoa kiganja taratibu, kama mtu anayefunua chungu kuona kama kilichomo bado kipo.

"Mpeni kiti," alisema, chini, akijaribu.

Kilikuwepo. Alfred aliinamisha kichwa zaidi.

Costancia, ambaye naye ana wakwe, alinyoosha mguu, akalisukuma benchi mpaka likamfikia nyuma ya magoti. Alfred hakukaa.

"Nikutolee nakala?" Costancia alimuuliza Agatha.

"Toa, dada," alisema Agatha, akipangusa uso kwa ncha ya kanga. "Watoto wamwone Magdalena, wacheke."

Costancia alifungua CD mpya, akaitazama pande zote mbili, akaiingiza. Agatha aliivuta ile mihogo, akakuta limebaki gazeti. Mashine ilianza kuchoma, polepole, na Alfred akabaki amesimama mpaka ilipomaliza.